Brashi ya Baba

Hadi, upo? Nimeumbuka. Wallahi nimeumbuka mbele za watu.

Ile stendi ya vyombo ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, niliyomchomelea Sihaba, mama wa mgahawa wetu hapa Xiaobei, huku Uchina, imeota kutu. Siku tatu tu!

Nikaibeba begani, Sihaba nyuma yangu, mpaka kwa laoban, yule mwenye duka aliyeniuzia vijiti vya kuchomelea. Nikapayuka: "Feki! Umeniuzia vijiti feki!" Watanzania wenzetu wamejaa dukani, wananitazama.

Laoban hakubisha. Akauliza tu: "Umesafishia nini?"

Mie kwa madaha nikatoa brashi ya waya ya baba, niliyokuja nayo kutoka Unguja. Miaka ishirini imekwangua mageti ya chuma.

Akaiangalia, akacheka. "Kutu imetoka humu. Vumbi la chuma umelipaka mwenyewe." Akachukua brashi mpya ya stenlesi, akasugua pale nilipochomelea. Mshono ukang'aa kama kijiko.

Umelipaka mwenyewe, Hadi! Na mie ndo fundi!

Sihaba kacheka mpaka kakaa chini.

Hilo si kitu. Asubuhi nilishamtumia baba barua: Wachina wote matapeli, huku cha kuaminika ni brashi yako tu.