Leso Kati Yangu na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Uji, dawa, kumgeuza. Kisha sura ya tisa. Mama mkwe upande wake wa leso niliyoitundika katikati ya chumba, mimi upande wangu. Sisi Wakamba tuna nthoni: mwanamume hakai karibu na mama mkwe wala hatazamani naye. Lakini mama alipooza upande mmoja, na mke wangu Mwende anapika hotelini kule Kiboko, hurudi Jumapili tu. Kwa hiyo namwosha mimi, uso nimegeuza. Miaka miwili sasa. Watu wote hapa Kikima wanadhani tuna msichana wa kazi.

Riwaya ni ya Kiingereza cha kale, jalada lilishatoka. Kijana asiye na urithi anavuka bahari akale jasho lake. Namsomea mama kwa Kikamba. Anampenda huyo kijana kuliko anavyonipenda mimi.

Jumatano, 5 Machi
Wakala wa ajira amepiga simu. Kazi ya kutunza wazee Uingereza ipo. Nikienda, Mwende ataacha hoteli arudi kwa mama yake. Mahojiano Jumatatu. Wanataka barua ya kuthibitisha kwamba nimewahi kutunza mgonjwa.

Miaka miwili ya kazi, na siwezi kuitaja. Nimecheka peke yangu jikoni.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata barua. Karani wa zahanati fulani ameipiga muhuri. Eti nilihudumu wodini. Hata mlango wa hiyo wodi siujui. Naona aibu. Kusema namwosha mama mkwe ingekuwa aibu kubwa zaidi.

Ijumaa, 7 Machi
Sura ya kumi na mbili. Mjomba tajiri anamwandikia kijana barua ya kusifu kazi ambayo hakuifanya. Kijana anaichana. Niliruka hapo. Nikasema alishukuru, akapanda meli.

Halafu mama: "Huyo si yeye. Kuna mahali umeruka."

Hajui Kiingereza hata neno. Nilikasirika, nikaenda kukatia ng'ombe majani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimerudia ukurasa, wote. Kisha nikamweleza habari za barua yangu. Chakula cha jioni alikula nusu.

Jumapili, 9 Machi
Mwende alikuja. Baada ya ibada mchungaji naye akaja na wazee wawili wa kanisa kumwombea mama. Mama akamwambia Mwende aitoe leso. Akanitazama usoni, mara ya kwanza.

"Pasta, andika," akasema. "Hakuna msichana wa kazi hapa. Huyu mume wa Mwende ndiye ananiosha, ananilisha. Miaka miwili. Andika vile nimesema."

Mzee mmoja alikohoa. Mwingine aliangalia viatu vyake. Nilitamani ardhi ipasuke. Mchungaji aliandika, mama akaweka kidole gumba. Mwende alilia, mimi nikatoka nje.

Jumatatu, 10 Machi
Mahojiano saa nne, kwa simu. Niliwasomea barua ya mama. Watanijulisha. Ile ya muhuri nimewashia jiko.

Uji, dawa, kumgeuza. Mama ameomba leso irudi, nikaifunga. Kisha akauliza yule kijana amefika wapi.

Nimemwambia bado yuko baharini.