Nilisogeza Kizuizi cha Msumeno kwa Wivu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie na uniwie radhi mwandiko, naandika huku nanyonyesha na shule yenyewe niliishia darasa la saba. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi tisa, mume wangu ana karakana ya mageti na madirisha, yeye anachomelea na mimi nakata vyuma, ndivyo tulivyoanza maisha, msumeno mmoja wa umeme na meza moja, na wateja walikuwa wanasema hawa wawili ni pete na kidole. Nilipokwenda kujifungua akaajiri binti wa kukata, nikasema sawa, ni wa muda tu, lakini niliporudi nikakuta mashine imekuwa yake na mafundi wamempa jina, wanamwita Milimita, eti akikata hapotezi hata milimita moja.

Mshauri, roho iliniuma. Vipande vyangu siku zote vilikuwa vinapungua kidogo, mume wangu anajazia kwa kuchomelea na wala hanisemi, nikajua ndiyo mapenzi. Sasa anachukua kipande cha Milimita anakiweka kwenye pembe, kinaingia kama kimezaliwa pale, anacheka peke yake, "Huyu mtoto ana jicho! Mama, umeona?" Nimeona, ndiyo, na nimeona pia anavyomshikia ncha ya tepu wakipima bomba refu, na mimi nimekaa pembeni na mtoto kifuani nanuka maziwa. Tangu nijifungue hajanisifu hata chai. Nilimuuliza, "Kwani huyo ana nini?" akanijibu, "Ana mikono," akaendelea kula.

Na binti mwenyewe hana neno, hilo ndilo linalonichoma. Aliniambia, "Dada, unakata juu ya mstari, ndiyo maana vinapungua, msumeno nao una unene wake, unakula chuma. Acha mstari ubaki kwenye kipande chako, meno yapite upande wa mabaki." Nikamjibu, "Asante, mwalimu," kwa ile sauti unayoijua.

Sasa nakuuliza, mtu anafanyaje apate mkono mtulivu kama ule, na nitajuaje kama mume wangu ana jambo naye?

Halafu kuna kitu kingine. Wiki iliyopita kulikuwa na vipande arobaini vya geti la shule. Pale mezani kuna kizuizi, kipande cha chuma kinachokazwa kwa bolti, bomba linagota hapo ili vipande vyote vitoke urefu mmoja. Milimita alikata cha kwanza, akakipima, kikawa sawa, akaenda kunywa maji. Mimi nikalegeza bolti, nikasogeza kizuizi upana wa kucha ya kidole kidogo, nikakaza tena, sijui mkono ulitumwa na nani. Akarudi akakata vyote, vyote vifupi. Mume wangu akamfokea mbele ya mteja, "Milimita gani hii? Vyuma vyote hivi nivile?" Yeye anasema tu, "Bosi, nilipima." Ameambiwa mwezi ukiisha asirudi. Akanijia na machozi, "Dada, wewe ulinitangulia kazini, niangalizie nilipokosea." Nikamwambia labda alisoma tepu vibaya.

Bado nina matumaini na nyumba yangu. Naomba unielekeze.

Mama wa Miezi Tisa

*

Mama wa Miezi Tisa,

Marahaba. Nimekurusha foleni kwa sababu mwisho wa mwezi haulingoji gazeti. Umeniuliza maswali mawili, na jambo lenyewe ukalisukumia mkiani ukaliita "kitu kingine". Kitu kingine! Mtoto wa watu anapoteza kazi.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Umezaa, umerudi, kiti chako kina mtu, na mume hana neno tamu. Hata mimi ningenuna. Lakini kununa ni kununa, na kulegeza bolti ni kulegeza bolti. Usiniletee habari za mkono kutumwa. Ulilegeza, ukasogeza, ukakaza tena. Kwa kazi hiyo mkono wako ulikuwa mtulivu kuliko wa fundi yeyote mle ndani. Na alipokujia analia, ukamsingizia tepu. Hapo niliiweka barua yako chini, nikaenda kunawa uso.

Kuhusu mume, bomba la mita sita halipimwi na mtu mmoja, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Katika barua yako sijaona hawara, nimeona mwanamume anayefurahia pembe iliyokutana. Kosa lake ni ulimi mzito. Mwambie waziwazi, "Na mimi nataka kusifiwa." Wanaume wengi hawapigi ramli.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi, mafundi wakishafika wote na kabla mashine haijawashwa, simama penye ile meza useme ulichofanya. Usiende kumnong'oneza mumeo chumbani. Binti aliaibishwa mbele ya watu, asafishwe mbele ya watu. Mtoto mwachie mtu, usije ukajificha nyuma yake. Usilie mpaka umalize. Mumeo atafoka, mwache afoke. Binti asipokusamehe siku hiyo, usimkimbilie kumdai msamaha, ni mali yake.

Mkono mtulivu je? Siri kubwa binti alishakupa bure. Ongeza hizi: chora mstari kwa ncha kali, chaki nene inadanganya. Bana bomba lisicheze. Usiusukume msumeno kwa haraka ya kwenda kunyonyesha, nyonyesha kwanza. Na ukishapima kipande cha kwanza, pima cha kumi na cha ishirini pia, maana katikati anaweza kupita mtu kama wewe.

Ukinyamaza, najua kitakachotokea. Binti ataondoka, utarudi kwenye mashine, utajifunza, na siku moja kipande chako kitaingia kwenye pembe barabara. Mumeo atacheka, atakuita uone, atakusifu mbele ya mafundi wote. Na wewe utashindwa kumtazama usoni. Nenda kaseme.