Nilicheza Mvua Juu ya Paa la Chumvi

...basi ile ndoa uliyoniambia nisiiogope, Mpendwa mshauri, nimeifunga, na naomba msaada wako tena, ingawa safari hii naomba huku natabasamu, maana huyu Sanusi wangu ni asali tupu, ananimenyea komamanga, ananiita "bahari yangu" kwa kuwa nimetoka Iskanderia, nami nimehamia kwao Siwa, jangwani, katika nyumba ya udongo wa chumvi ambayo kuta zake asubuhi humetameta kama zimenyunyiziwa sukari, nikadhani hakuna kitakachoingia kati yetu, kumbe kuna mvua.

Kwetu mvua ni sherehe, unajua mwenyewe, tufani za majira ya baridi tunazipa majina kama wageni, na ile ya Ufagio ikipiga mama hupika supu ya dengu nasi tunabandika pua dirishani, kwa hiyo wiki iliyopita matone yalipoanza kudondoka huku, ambako mwaka huweza kupita bila tone, nilipanda juu ya paa pekupeku, nikarukaruka na kuimba, nikimwita Sanusi aje tulowe pamoja, naye akatoka mbio kwenye mizeituni, uso umemshuka, akafoka mbele ya majirani, "Shuka! Rawya, shuka sasa hivi!" na mama mkwe akajipiga mapaja, "Ewe bibi harusi, wenzio tunaomba ikatike, wewe unaipigia ngoma!"

Nililia, mshauri. Jioni kipande cha dari kikaangukia kitanda chetu, juu ya mfarishi wa harusi, Sanusi akakiokota akakitoa nje, na tangu hapo wingu likitokea tu anakuwa jiwe, hasemi, hali, anazunguka ua akigusa kuta, hasa lile tuta la udongo nyuma ya banda la kuku, ambalo hapiti bila kulipapasa, nadhani ni mila yao. Mama yangu ananipigia simu, "Rudi mwanangu, mwanamume asiyependa mvua hana moyo," na tiketi ya basi ameshaninunulia. Je, amenichoka? Niende kwetu mpaka baridi ipite? Nampenda mno, hata akinuna anapendeza.

Rawya, Siwa

Bi Mahasin anajibu:

Rawya mwanangu, pole, na hongera. Sasa futa machozi unisikilize.

Hujachokwa. Umekanyaga paa la chumvi likiwa limelowa, jambo ambalo hata mbuzi wa huko hawathubutu. Kwenu mvua inabisha kioo cha dirisha. Kwa mumeo inayeyusha chumvi, inakula ukuta. Alipofoka hakuona mke anayecheza, aliona mke anayedidimia. Mama yako namheshimu, lakini hapa amekosea: moyo anao, na siku ile ulikuwa juu ya paa, unarukaruka.

Na hilo tuta, nani kakuambia ni mila? Udongo haujirundiki wenyewe. Bila shaka palikuwa na chumba pale, mvua ikakiangusha. Muulize mama mkwe ni nani alikuwa akilala ndani, kisha ukae kitako mpaka amalize. Mimi jibu silijui, ila mkono wa mumeo unalijua.

Tiketi irudishe leo. Ukiondoka kila wingu likitanda, atajifunza kwamba mvua inabomoa na ndoa pia. Kamwambie, "Nifundishe kuziba." Mkachimbe udongo wa chumvi pamoja, na hiyo miguu iliyocheza ngoma ikaukanyage mpaka ulainike. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe una bahati, ufa wenu unaonekana kwa macho, uko darini. Wingu jingine likija, uwe wa kwanza kumpa mikeka ya kufunika paa, kabla hajaomba. Usimlazimishe aipende mvua, wala wewe usiache kuipenda. Ikishakatika, na kuta zimesimama, mpikie dengu za mama yako, mketi dirishani, umsimulie habari za Ufagio. Pengine atacheka. Pengine si mwaka huu.

Nami kila msimu huja huko kununua zeituni. Nitabisha hodi kwenu kabla mwezi huu haujaisha, na sitakuuliza kama mnapendana: nitainua macho tu, nitazame dari.