Mukebe ya Kupimia Maharagi

Siku ya yenga, 5 octobre 2025

Wamekubali! Club yetu ya huduma, comité nzima, mikono juu. Siku ya posho, tarehe 11, kila muuzishaji wa soko yetu ya Mudzipela ataleta mukebe yake ya kupimia. Tutaijaza maji, tumimine mu mesure ya kweli, mbele ya watu. Ikifika ku mustari, inapakwa rangi nyekundu. Isipofika – inapondwa pale pale. Ni idée yangu, mimi Hortense!

Mama Mbuyi, présidente anayemaliza muda wake, anasema hii ikienda vizuri, kiti ni yangu. Najua. Miaka sita nauzisha maharagi hapa tangu tutoke Butembo, hakuna mutu alisema nimemwiba. Siye wa club tuna ulizo moja tu: kazi yako, unaweza kuifanya mulango wazi? Yangu haina hata mulango – ni meza tu!

Siku ya pili, 7 octobre

Nimezunguka soko na Dady, secrétaire wetu. Muzee mumoja wa muchele anasema mukebe yake imeanguka mu muto. Muto gani, Muzee? Akacheka mwenyewe.

Siku ya ine, 9 octobre

Nimepima yangu, ya kufurahi tu. Maji haikufika. Nikarudilia. Haikufika! Nikageuza mukebe: chini imepandishwa na nyundo, kazi safi. Inapungua kopo nzima.

Glodie. Mudogo wangu, ndiye anakaa ku meza nikienda kutafuta mali. Hakukana. Ni tangu mwaka jana. Akaniambia: Yaya, dada yangu, ni weye ulisema bénéfice ni kidogo, nifanye akili. Kweli nilisema. Na faida ilipopanda nilimusifu mbele ya watu: Glodie anajua biashara! Sikuuliza amefanya nini. Sikutaka kujua, ndiyo ukweli. Haya imenishika.

Jioni amekuja na mukebe mupya, inang'aa. Peleka hii, Yaya, nani atajua? Nimemupigia makelele. Lakini niliipokea.

Siku ya posho, 11 octobre

Asubuhi. Mupya nimemurudishia Glodie. Ile ya nyundo iko mu sac. Mimi si mutu wa kujificha nyuma ya mukebe!

Ku soko. Naandika ku banc, carnet ku magoti – maji imeisha, Dady ameenda kuchota. Watu kumi na saba wamepita. Wawili, mikebe imepondwa, wameondoka bila kuaga. Halafu jina langu. Nikatoa mukebe. Mama Mbuyi akachovya pinceau mu rangi, bila kupima. Ya Hortense? Tunaijua! Mama Emerance, mujane wa quartier Bigo anayelisha wajukuu watano na maharagi yangu, akaanza makofi: maji ya nini, pakeni tu! Soko yote makofi.

Nikashika mukono ya Mama Mbuyi. Nikasema hapana, mupime. Maji haiko? Tutangoja.

Wanacheka. Wanasema ona présidente wetu, mukali hata kwake mwenyewe! Glodie iko nyuma yao, hacheki. Anafungua kitenge kidogo, ananionyesha ile mupya. Nimemukatalia na kichwa.

Dady anarudi, bidon ya maji ku kichwa. Mama Emerance ameomba ni yeye amimine.