Sindano Niliyoiharamisha

Nambilanje, Jumatano, 1954

Nimekuwa nikiwaambia watu msikitini kwamba sindano ya buba ni haramu. Jana mke wangu Somoe akaniuliza, "Mwalimu, ni aya gani?"

"Ipo!" nikajibu kwa sauti kubwa, kama kawaida yangu nisipojua jambo.

"Basi nisomee. Zuhura hawezi kukanyaga."

Binti yetu ana vidonda vya buba kwenye nyayo. Nilipekua msahafu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nimekuta nguruwe, nimekuta mvinyo, nimekuta riba. Sindano sikuiona.

Leo nimempakia Zuhura kwenye baiskeli mpaka Ruangwa, kwa sheikh aliyenisomesha. Alinisikiliza, akacheka. "Mtume ametuambia tujitibu. Wewe hiyo haramu umeitoa wapi?"

Nilijua vizuri nilikoitoa. Niliitoa Nachingwea, nilipokwenda kulima karanga za Wazungu. Nilimwona mwenzangu akidungwa sindano, nikaogopa zamu yangu. Nikaondoka pale, na njiani woga wangu nikauvisha kilemba.

Tukaenda zahanati. Zuhura hakulia. Aliyekalishwa chini na kupewa maji ni baba yake, mwalimu mzima mwenye kanzu.

Somoe amecheka mpaka amejishika mbavu, na mimi nimecheka naye. Lakini Mzee Selemani, anayeswali nasi, aliyaamini maneno yangu ya msikitini, akamficha mwanawe watu wa sindano walipopita kijijini. Mtoto yule sasa hawezi kusimama kwa buba, anatambaa.

Sitangoja Ijumaa nikakiri msikitini. Kesho alfajiri naenda kwake, na sijui nitaanzaje baada ya salamu.