Nilimwambia ni Mchuzi

Jumatatu, 3 Machi

Gari limerudi kutoka kwa waosha magari. Linanukia ndimu ya dukani, vioo vinang'aa, hata mikanda ya viti wameisugua. Nikafungua mlango wa mbele wa abiria.

Doa halipo. Badala yake kuna duara. Kubwa kama sinia, ukingo wa kahawia, katikati peupe kuliko kapeti lote, na mistari ya brashi imelala huku na huku. Mtu akitaka kuonyeshwa mahali penyewe, hana haja ya kuuliza.

Naandika huku nyuma ya daftari la kazi. Mbele ni vipimo vya kuta za watu na majina ya rangi, hakuna anayelifungua ila mimi. Basi niseme. Alhamisi iliyopita mke wangu alianza kutoka damu, mimba ya miezi saba. Nilimkimbiza hospitali kwa gari hili hili. Mtoto akazaliwa kwa upasuaji, hana uhai. Binti. Ijumaa tulimzika, mimi na mama mkwe na majirani wawili. Mama yake alikuwa kitandani, hajitambui vizuri.

Daktari anasema atamruhusu Jumamosi. Atapanda gari hili, hatuna jingine. Atakaa kiti kilekile, miguu yake palepale.

Alama hii lazima itoke kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kugomba. Mwosha magari mwenyewe ni mtu mzima mwenye kipara, wanamwita Povu. Akachuchumaa, akalikuna kapeti kwa ukucha, akanusa. Anasema halikukauka vizuri: maji yamezama kwenye sponji ya chini, yakapanda tena na uchafu. Hilo anakubali ni kosa lake. Lakini huo ukahawia hauelewi kabisa. Mchuzi hauna ubishi, anasema, na yeye huu kaupiga mvuke wa moto mara tatu! "Bosi, huo mchuzi kapika nani? Mpishi huyo akatengeneze lami!"

Wenzake wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Maana Jumamosi nilipoleta gari, aliponiuliza kimemwagika nini, watu walikuwa wamejaa pale, kila mmoja na ndoo yake. Nikasema mchuzi. Lile neno lenyewe liligoma kutoka.

Kaniambia nijaribu maji ya moto na siki kidogo, taulo jeupe, nibonyeze nisisugue. Likishindikana nimrudishie, hatanidai kitu.

Saa kumi nilikuwa wodini. Mke wangu kabaki macho tu. Hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza lile la jana: mtoto alifanana na nani? Nikajibu kama jana, kwamba sikumwona, walikuwa wamemfunika. Akageukia ukutani. Ukuta umepakwa vibaya, michirizi mitupu, nikakaa naitazama michirizi kama ndiyo iliyonipeleka.

Uongo. Nilimwona. Nilimshika mpaka nesi akasema, baba, tumpokee sasa.

Jumatano, 5 Machi

Sikwenda kazini. Birika, siki, mataulo matatu. Nimebonyeza tangu asubuhi mpaka magoti yakafa ganzi. Likilowa, alama haionekani, nafurahi kama mjinga. Likikauka inarudi, na sasa kingo zimekuwa mbili.

Mama mkwe akatoka na kapu la nguo za kuanika. Akaona birika linatoa moshi. Akasimama.

"Baba, hayo maji ni ya moto?"

Nikamwambia ndiyo, ni maelekezo ya fundi.

"Damu kwa maji ya moto! Fundi gani huyo?"

Akaweka kapu chini. Kumbe kila mwanamke anajua, damu ni maji baridi. Ukiipelekea moto unaipika, inashika humo humo. Aliuliza kama fundi alijua ni damu. Nikaangalia birika, na jibu akalipata. Hakunigombeza. Alisema tu, ungeniuliza mwanangu, mimi niko hapa hapa, kisha akaanika nguo zake. Zilikuwa khanga za mke wangu. Zote safi, hazina hata kivuli. Alizifua siku ileile, kimya kimya.

Povu wa watu hana kosa. Mimi ndiye niliyeipika.

Alhamisi, 6 Machi

Leo wiki nzima.

Niandike na hili. Mimi ni mtu wa usafi, kero tupu. Kazini nashinda kwenye rangi na vumbi, basi gari nimelifanya kama sebule. Mke wangu kila akipanda namwambia kung'uta viatu. Miaka minne, kung'uta viatu! Alikuwa ananicheka, ananiita Bwana Afya. Alhamisi ile, tumefika kwenye taa nyekundu, damu inashuka miguuni, kajikunja, kashika tumbo kwa mikono miwili. Akasema: nisamehe, nachafua gari lako.

Sikumjibu. Nilikuwa naangalia taa.

Asubuhi nimekwenda kwa Povu kabla wateja hawajaja. Nikamwambia haukuwa mchuzi. Nikamwambia ilikuwa nini, na ya nani. Alikuwa na kitambaa mkononi, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Mzaha wote ukamwisha. "Ungesema, kaka," akasema. Wiki nzima ni bosi, bosi — leo kaka.

Akafunga mashine zake zote. Akang'oa kiti, akainua kapeti, akalitoa na sponji yake, akavilaza juani juu ya meza. Maji baridi, chumvi, kitambaa. Kila kilipobadilika rangi alikigeuza ili nisione. Alifanya mwenyewe, hakumpa mtu. Mchana akaniita. Duara limekwisha, ukingo umekwisha. Kimebaki kivuli. Anasema hicho ni moto umeshakishika, hakitoki tena, atakuwa ananidanganya akiniambia kitatoka.

Tena mahali pale sasa ni safi kuliko gari lote. Na mimi fundi rangi! Wateja nawaambia kila siku, ukigusa kona moja utapaka ukuta mzima. Wakibisha nawacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenunua mpira wa kukanyagia, mweusi, nimeutandika juu. Unakificha kivuli karibu chote. Kuna kipande kinachungulia upande wa mlango.

Nikachanganya rangi. Kijivu, tone la kahawia, tone la nyeusi, kwenye kifuniko cha kopo. Nikaipata! Kapeti lenyewe kabisa, jicho la mtu lisingetofautisha. Nikapiga magoti na brashi ndogo.

Nikashindwa. Mkono ulikuwa tayari, mimi ndiye niliyeshindwa. Nimeosha brashi.

Wodini kaniuliza tena. Nikasema tutazungumza nyumbani. Akasema, nyumbani utaniambia kesho. Ananijua.

Jumamosi, 8 Machi

Karuhusiwa saa nne. Mama mkwe katangulia nyumbani kuandaa chumba. Nikamtoa mke wangu kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye maegesho, kimfuko cha dawa mapajani. Nikafungua mlango. Nilikuwa nimejiandaa kusema chochote, hali ya hewa, foleni.

Akasimama ameshika mlango. Kabla hajaingia akakung'uta viatu. Kimoja, kingine. Nikamwambia acha, mke wangu, acha.

Akakaa. Akatazama chini.

"Tangu lini gari letu linavaa kiatu kimoja?"

Kweli, mpira nilinunua mmoja tu. Sikuwaza hata upande wangu! Akausogeza kwa mguu. Kivuli hicho hapo. Akakitazama muda mrefu. Watu wanapita na mashuka na mito. Mimi nimeshika usukani, injini haijawashwa.

Akasema, uliosha. Nikasema ndiyo. Akasema, nilikuomba radhi pale kwenye taa, hukunijibu.

Nilitaka kumwambia hakuna radhi ya kuombwa, kwamba gari lote lingekuwa damu ningelipanda hivyo hivyo. Kilichotoka ni hiki: nilimwambia fundi ni mchuzi.

"Mchuzi!"

Akacheka. Akacheka mpaka akashika mshono, machozi yanamtoka, analia anacheka, mimi sijui nimshike wapi. Kisha akatulia. Akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Na mimi je? Mimi ulinipa mchuzi gani?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Nikajaribu tena. Halafu akafungua kijidroo cha mbele, akatoa daftari hili, akalipekua kutoka upande wa vipimo mpaka karatasi tupu. Hakusoma. Kanipa na kalamu. Kama mdomo hautaki, andika, alisema. Mkono wako haujawahi kukataa kazi.

Basi hayo ya juu nimeyaandika ili mkono upate moto. Haya ndiyo yako.

Nilimwona. Nilidanganya mara nne. Nilimshika, alikuwa bado na joto lako. Nywele alikuwa nazo, nyingi, zimelowa, zimelalia kushoto. Kidevu chako, na kale kashimo. Masikio yangu, maskini, yale yale yaliyochomoza. Nyusi kama mtu aliyepakwa kwa brashi nyembamba sana, na mpakaji hakukosea. Hakuwa na alama yoyote. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Nilimwita lile jina tulilokuwa tunalibishania, lako, siyo langu. Nilimwita hilo lako.

Mlinzi kagonga kioo, tunaziba njia ya gari la wagonjwa. Mke wangu kamwinulia kiganja, asubiri kidogo. Amevua viatu. Miguu mitupu kaiweka juu ya kile kivuli, pande zote mbili, ametulia. Sasa amenyoosha mkono anataka daftari. Nimemwambia ngoja, sijafika kwenye vidole vya mtoto.