Nyumba ya Mama Mudogo Feza

Kabambare, Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, hakuna upepo. Nimekula ugali wa muhogo, sikusikia ladha yake.

Leo tumechoma kijiji cha zamani, kile cha mtoni. Serikali inataka watu wote wakae kando ya barabara, waitengeneze na kulima pamba pale ambapo Mzungu anaweza kuwaona. Karibu wote walikwisha kuhama, wamebeba hata milango yao. Alibaki mama mudogo Feza, mdogo wake marehemu mama, aliyenilea. Hakutaka kuliacha kaburi la mume wake.

Mimi ni kapita, msimamizi wa kazi ya barabara. Kazi hii nilipewa kwa sababu najua kusoma, na kwa sababu siku zote nafanya ninaloambiwa.

Mzungu alibaki ndani ya motokaa, kule barabarani. Alinituma mimi na Saidi, kapita mwenzangu, pamoja na askari. Tulipofika, Saidi aliweka mwenge chini.

"Nyumba yenye iko na mutu ndani, mimi siwezi kuichoma," akasema.

Hakupaza sauti. Askari walipoleta kamba, aliwanyoshea mikono mwenyewe. Watampeleka gereza la Kasongo.

Kwa hiyo kukataa kuliwezekana. Nimeona kwa macho yangu.

Nikauokota mwenge wake.

Nilimtoa mama mudogo kwanza, nikamshika mkono kama mtu anayemvusha mgonjwa. Nikatoa chungu chake na mkeka. Kisha nikagusisha moto kwenye nyasi za paa, zikashika upesi. Nilingoja nisikie kitu moyoni, hasira au huruma. Sikusikia. Nilifikiria tu kwamba moshi utaniharibia shati.

Paa lilipoanguka, nilipiga magoti mbele ya mama mudogo.

"Mama, unisamehe. Nimetumwa."

Alikuwa akipangusa majivu kwenye chungu. "Mwanangu, mutu wa kutumwa hana haja ya kusamehewa," akasema. "Kama unaomba musamaha, basi umefanya wewe."

Nilimwomba aje kukaa kwangu. Alikunja mkeka, akaenda kukaa kwa mke wa Saidi.

Niliporudi nyumbani, mke wangu alisikia harufu ya moshi. Akauliza nani amechoma. Ulimi ulikuwa tayari kusema Mzungu.

"Mimi," nikasema.

Aliacha kutwanga, akanitazama. Kisha akaendelea kutwanga.

Nimekaa hapa barazani tangu saa hizo. Mikono yangu nimeinawa, inanuka vilevile. Machozi hayaji, na sijui kama nayataka.

Kesho wananitaka katika kijiji kingine, upande wa Lusangi. Huko pia watakuwapo waliokataa kuhama. Sijui kama nitakuwa na moyo wa Saidi. Najua tu kwamba lolote nitakalolifanya, sitasema tena kuwa nimetumwa.